Glaida tupu, glaida ya mota au ndege ya mafunzo: ipi umjengee ndugu yako Dar es Salaam?

Ukishajenga ndege moja ya rimoti na watu wakaiona ikiruka, maombi huja yenyewe. Mpwa anataka, binamu anataka, na shemeji wa Kigamboni anakukumbusha kwamba yeye ana ufukwe mlangoni. Wote wanasema "nijengee ndege", ila wanachohitaji hakifanani. Hapa tunalinganisha aina tatu ambazo mtu mwenye kisu cha karatasi, rula ya chuma na gundi ya moto anaweza kuzimaliza mezani kwake: glaida tupu, yaani ndege isiyo na mota kabisa, glaida yenye mota puani, na ndege ya mafunzo, ile yenye bawa juu ya mwili. Kabla hujakata chochote, muulize anayepewa mambo matatu. Atairushia wapi? Nani atachaji betri? Ikivunjika, nani ataiunga? Majibu hayo yatachagua ndege kabla ya rangi na umbo.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Mtu mzima wa Dar ambaye hajawahi kurusha, mpe glaida ya mota. Mtoto wa chini ya miaka 12, mpe glaida tupu. Ndege ya mafunzo mjengee yule mwenye uwanja mpana na mtu wa kumshika mkono siku za mwanzo. Akikosa kimoja kati ya hivyo, atairusha mara mbili kisha itaning'inizwa ukutani.

Vipimo vyote hapa chini vinatoka kwenye karatasi za fomubodi, yaani fomu nyepesi iliyobanwa kati ya karatasi mbili, za sentimita 50 kwa 70, unene milimita 5. Sevo ni vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya mkia na mabawa, LiPo ni betri nyepesi ya lithiamu, na mAh ni kipimo cha ujazo wake.

| | Glaida tupu | Glaida ya mota | Ndege ya mafunzo |
|---|---|---|---|
| Mabawa, ncha hadi ncha | sm 140 | sm 140 | sm 120 |
| Upana wa bawa, mbele hadi nyuma | sm 18 | sm 18 | sm 22 |
| Uzito tayari kuruka | g 480 | g 630 | g 900 |
| Mzigo kwa desimeta ya mraba ya bawa | g 19 | g 25 | g 34 |
| Mwendo wa chini kabla ya kuporomoka | km 20 kwa saa | km 23 kwa saa | km 27 kwa saa |
| Sevo za gramu 9 | 2 | 2 | 4 |
| Betri | AA nne za kuchaji | LiPo seli 3, mAh 1300 | LiPo seli 3, mAh 2200 |
| Fomubodi | karatasi 3 | karatasi 3 | karatasi 5 |

Mstari wa kuutazama zaidi ni ule wa mwendo wa chini, kwa sababu ndio unaokuambia ndege itavumilia upepo gani. Glaida tupu inayoruka kwa kilomita 20 hadi 25 kwa saa ikikutana na upepo wa kilomita 18, kwa macho ya aliye chini inakuwa imesimama angani. Upepo ukizidi hapo, inarudi kinyumenyume hadi kwenye miti ya jirani. Ndege ya mafunzo hupita upepo huohuo bila shida. Upande wa pili, mwendo huo mdogo ndio unaomfaa anayejifunza. Kwa kilomita 23 kwa saa ana muda wa kufikiri, kukosea na kusahihisha. Ndege ya mafunzo ikienda mita 12 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wake wa kawaida wa kuzunguka, inamaliza uwanja wa mpira wa mita 100 kwa sekunde 8. Mgeni anapokumbuka kwamba ndege inayomjia uso kwa uso hugeuka kinyume cha mkono wake, sekunde hizo zimekwisha.

Kwa hiyo saa ya kurushia ina uzito sawa na aina ya ndege. Dar huwa tulivu kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Baada ya hapo nchi kavu hupata joto, upepo wa bahari huingia, na alasiri minazi yote ya ufukweni inainama upande mmoja. Kusi ikiwa imekamata, kuanzia katikati ya mwaka, hata asubuhi inaweza kuwa na nguvu. Kaskazi ya Desemba hadi Machi nayo haipoi mchana. Majira ya tanga mbili, upepo unapobadilika na kulegea, ndiyo ya glaida tupu. Mtu ambaye hupata nafasi Jumapili saa kumi jioni tu, usimjengee glaida tupu hata akililia. Mpe mojawapo ya zile mbili nyingine.

Glaida tupu

Hii ina vitu vichache vya kuharibika. Ndani yake kuna pokezi ya rimoti, sevo mbili na betri nne za AA za kuchaji ambazo kwa pamoja hutoa volti 4.8 na uzito wa gramu 105 hivi. Uzito huo haupotei bure, kwa sababu unakaa puani na kuokoa risasi ambayo ungelazimika kuiongeza. Betri hizi hazishiki moto kirahisi, chaja yake ni ya kawaida, na bibi wa nyumba anaweza kuzichaji bila kufundishwa. Hiyo ndiyo sababu tunaipendekeza kwa watoto.

Inasukumwa angani kwa mpira. Chukua mita 10 za mpira mwembamba wenye tundu unaovutika vizuri na mita 40 za mshipi wa kuvulia wa nailoni, milimita 0.7. Mwisho wa mshipi funga pete ya chuma na kitambaa chekundu cha kuonekana nyasini. Mpira ufungwe kwenye kigingi upande upepo unakotoka. Vuta mpaka mizani ya kuning'iniza isome kilo 1.5 hadi 2, yaani mara tatu hadi nne ya uzito wa ndege, kisha iachie ikiwa imeinua pua kidogo. Ukiuvuta mpira wa mita 10 hadi ufike 30, kamba nzima ni mita 70, hivyo uwanja wa mpira wa miguu unatosha kwa urefu. Vijana wengi watataka kutumia mpira wa tyubu ya baiskeli, ule wa manati. Unafanya kazi, ila hauvutiki kama mpira wa tundu na unaachia nguvu yote kwa mshtuko mmoja. Mabawa yasiyo na boriti hukatika katikati hapohapo.

Ndoano ya kuvutia iwe chini ya mwili, milimita 5 hadi 10 mbele ya kitovu cha uzito. Ikirudi nyuma ya hapo, ndege huyumba kulia na kushoto kwenye kamba na mwisho hujibamiza chini. Ikiwa mbele mno, haitapanda na itakimbia na kamba kama tiara isiyo na mkia.

Kasoro kubwa ya glaida tupu ni muda. Katika hewa iliyotulia, safari moja ni sekunde 40 hadi 60, halafu unatembea kuifuata pete. Mtoto mwenye nguvu za kukimbia huona huo ni mchezo mzuri; mtu mzima huchoka safari ya sita. Dawa ni hewa moto inayopanda, na Dar inayo kwa wingi mbali kidogo na bahari, juu ya viwanja vya udongo mkavu, mabati na maegesho ya magari kuanzia saa nne hivi. Mtazame mwewe. Akizunguka bila kupiga bawa, chini yake kuna hewa inayopanda, na glaida ya gramu 19 kwa desimeta inaweza kumfuata. Karibu kabisa na ufukwe upepo wa bahari huizuia hewa hiyo isijengeke, na ndiyo maana watu hukata tamaa wakiwa Coco Beach huku wenzao wa bara kidogo wanakaa angani dakika kumi.

Kunguru nao wataifuata. Wanaidhani ni mwewe. Mara nyingi hupiga kelele na kuizunguka tu, ila usifanye mizunguko ya ghafla kuwakwepa. Shusha pua kidogo, ondoka eneo lao kwa mstari ulionyooka, utue.

Glaida ya mota

Bawa, mkia na mwili ni vilevile. Kinachoongezeka puani ni mota isiyo na brashi ya saizi 2212, KV 1000 (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti); kidhibiti mwendo cha ampea 30; propela ya kukunja ya inchi 9 kwa 5; na betri ya LiPo ya seli tatu, mAh 1300. Ukiwasha mota kwa sekunde 15 inapanda mita 60 hadi 75, unaizima, propela inajikunja kandoni mwa pua, na unateleza dakika moja hadi moja na nusu. Kupanda mara moja hula takribani mAh 60. Ukitumia asilimia 80 ya betri, yaani mAh 1040, unapata kupanda mara 17, karibu nusu saa ya kuruka kwa betri moja. Ndege ya mafunzo yenye betri kubwa zaidi hukaa dakika 10 hadi 13 tu kwa sababu mota yake haipumziki.

Faida nyingine huonekana kwenye kutua. Viwanja vyetu vina mchanga, visiki vya nyasi na mawe. Propela iliyokunjwa haigusi chini, wakati propela ngumu ya ndege ya mafunzo isiyo na magurudumu hukatika kila wiki.

Makosa matatu hurudiwa sana katika aina hii. La kwanza ni kusahau kuwasha breki kwenye mpangilio wa kidhibiti mwendo. Bila breki, upepo unaendelea kuizungusha propela baada ya mota kuzimwa, haijikunji, na glaida inashuka kama imefungwa gunia. La pili ni kufunga mota ikiwa imenyooka kabisa. Kwa kuwa bawa liko juu ya mstari wa msukumo na linainua zaidi mwendo ukiongezeka, pua hupanda kila ukitia moto. Inamisha mota nyuzi 3 hadi 4 kuelekea chini na nyuzi 2 kulia. Washa (pete bapa za chuma) mbili za milimita moja nyuma ya mguu wa juu wa mota hutosha kuanzia. La tatu ni mota kuzunguka kinyume na watu kuanza kufungua programu ya rimoti kutafuta tatizo. Badilishana nyaya zozote mbili kati ya zile tatu za mota, basi.

Bamba la kufungia mota liwe plaiwudi ya milimita 3, libanwe kwa epoksi na vijiti vya mishikaki vilivyopenya hadi kwenye kuta za mwili. Gundi ya moto peke yake hapa ni hatari: mota hupata joto, gundi hulainika, na bamba hung'oka mota ikiwa inazunguka.

Ndege ya mafunzo

Hii ndiyo inayofanana na "ndege" kichwani mwa mtu, na ndiyo inayofundisha zaidi. Ina eleroni, yaani vibao vya ncha za mabawa, hivyo aliyejifunzia humo anahamia ndege nyingine yoyote bila kuanza upya. Inabeba upepo wa alasiri na inaweza kubeba kamera ndogo. Mota ni ileile ya 2212, ikiwa na propela ya inchi 10 kwa 4.5, ambayo kwa betri iliyojaa husukuma takribani gramu 800. Kwa ndege ya gramu 900 huo ni msukumo wa kutosha kurushwa kwa mkono na kupanda vizuri.

Usiweke magurudumu kwa ajili ya Dar isipokuwa anayepewa ana lami ya kurukia. Waya na matairi ni gramu 60 hadi 80, na kwenye mchanga tairi ndogo huzama na ndege hupiga pua. Irushe kwa mkono, tua kwa tumbo, na gandisha tepu pana chini ya mwili. Propela ifungwe kwa mpira wa duara badala ya nati, ili ikigusa chini ilegee badala ya kuvunjika.

Eleroni inayopanda iende milimita 12, inayoshuka milimita 8 tu. Ukiziachia sawa, ile inayoshuka huburuta hewa zaidi na kuivuta pua upande usiotakiwa, na mwanafunzi anadhani ndege ina pepo. Elevata, yaani kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua, milimita 10 juu na 10 chini, usukani wa mkia milimita 20 kila upande. Kwenye rimoti weka ulaini (expo) wa asilimia 30 kwa siku za kwanza, ili fimbo ikiguswa kidogo ndege isigeuke kwa ghafla.

Ikiwezekana, rimoti iwe na tundu la waya wa mwalimu, ili mjuzi ashike ya pili na kuchukua usukani kwa kuachia swichi. Bila hilo, hesabu bawa jipya kila wikiendi mbili.

Bawa na uzito wake

Tofauti kati ya ndege inayoelea na inayoanguka huamuliwa hapa, kwa hiyo tukae kidogo. Pima karatasi ya fomubodi kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuinunua kwa wingi. Karatasi ya sentimita 50 kwa 70 yenye gramu 105 hadi 120 ni nzuri sana. Ikifika 170, bawa la glaida litaongezeka gramu 75 hadi 100 za bure. Hiyo itumie kwa ndege ya mafunzo tu, au chubua karatasi ya upande wa ndani.

Kwa glaida, kata karatasi mbili za sentimita 70 kwa 38. Sentimita 18 ni upande wa chini na 20 ni upande wa juu, kwa sababu wa juu unapinda. Kwenye mstari wa kukunjia kata karatasi ya ndani na fomu kwa michirizo miwili iliyoachana milimita 5, bila kugusa karatasi ya nje, kisha bonyeza fomu iliyo katikati kwa mpini wa kalamu. Ndani weka boriti ya mbao ya paini, milimita 6 kwa 12, iliyosimama kwa ubavu, sentimita 5.5 kutoka ukingo wa mbele. Paini nyepesi yenye nyuzi zilizonyooka hupatikana kwa maseremala. Chagua kipande kisicho na jicho. Sentimita 50 kila upande zinatosha.

Mabawa mawili yaunganishwe kwa pembe. Laza bawa moja mezani na inua ncha ya lingine sentimita 14, hivyo kila upande unabaki na kama nyuzi 6. Glaida hizi hazina eleroni, na pembe hiyo ndiyo inayoigeuza usukani ukiguswa. Ukiilaza kwa sababu "inapendeza ikiwa imenyooka", usukani utazungusha mkia tu na ndege itaendelea mbele. Kwa ndege ya mafunzo inatosha kuinua ncha moja sentimita 4 hadi 5. Katikati bana boriti zote mbili kwa kipande cha plaiwudi ya milimita 3 chenye urefu wa sentimita 16, kilichokatwa kwa pembe ileile.

Kabla ya kuyaunganisha, gundi ikiwa bado moto, kila bawa lilazwe kwenye sakafu ya vigae na kukandamizwa kwa vitabu. Msokoto wa milimita 3 kwenye ncha moja unatosha kuifanya ndege izunguke upande mmoja maisha yake yote. Litazame kwa nyuma, jicho usawa wa ukingo. Likiwa limesokotwa, lipashe kwa kikausha nywele, likunje kinyume kidogo zaidi ya inavyohitajika, lishike hadi lipoe.

Gundi ina sheria zake. Gundi ya viatu, rangi za kupulizia na gundi ya haraka ya kawaida huyeyusha fomu mbele ya macho yako. Gundi ya moto ni ya haraka, lakini ndani ya gari lililoegeshwa juani hulainika, na unaweza kufungua buti ukakuta mkia umeinama. Sehemu zinazobeba nguvu ziwe za epoksi. Gundi nyeupe ya maseremala ni nyepesi na nzuri kwa mbao na karatasi, ila katikati ya fomu mbili inachukua siku nzima kukauka.

Fomubodi yenyewe ina adui wa Dar, nao ni unyevu. Karatasi huanza kubanduka kingoni baada ya masika moja. Ziba kingo zote kwa tepu safi ya kufungia maboksi, na chini ya bawa weka tepu nyekundu au nyeusi kwa mistari mipana. Anga letu la asubuhi ni jeupe, na ndege nyeupe ikifika mita 100 hujui tena kama inakuja au inakwenda.

Vipi kuhusu plastiki ya mabango, ile yenye mirija ndani? Ni nzito mno kwa glaida. Kwa mwili wa ndege ya mafunzo inafaa sana, haijali maji na haivunjiki, mradi bawa libaki la fomubodi. Balsa, mbao laini ya wajenzi wa ndege ndogo, ni nyepesi na nzuri kuliko zote, lakini huagizwa kutoka nje, hujengwa kwa siku nyingi, na ikivunjika mkononi mwa binamu asiye na kisu cha balsa haitengenezwi. Zawadi ya mtu anayeanza iwe kitu anachoweza kukiunga kwa tepu uwanjani.

Betri ya LiPo iko nyumbani kwa nani?

Jibu la swali hili likiwa na mashaka, rudi kwenye glaida tupu. Seli moja ya LiPo hujaa kwa volti 4.2 na haipaswi kushuka chini ya 3.5 ukiwa bado unaruka. Betri ya seli tatu iliyojaa ni volti 12.6. Chaja iwe ya kusawazisha seli, na mkondo usizidi ujazo wa betri: ampea 1.3 kwa betri ya mAh 1300, ampea 2.2 kwa ya 2200. Ichajiwe juu ya kigae au ndani ya sufuria kuukuu, mbali na mkeka, pazia na godoro, na mtu awepo. Ikimaliza siku bila kutumika, ishushwe hadi volti 3.8 kwa seli. Ikiachwa imejaa kwenye joto letu, itavimba. Iliyovimba au iliyozama maji ya chumvi haitumiki tena.

Umeme ukikatika, chaja nyingi za aina hii hukubali volti 12 za betri ya gari, na hilo mweleze mwenye kupewa mapema. Akisafiri nayo kwa ndege, betri za LiPo za ziada hubebwa kwenye mzigo wa mkononi. Hii ya mAh 2200 ni saa-wati 24 tu, chini sana ya kikomo cha 100.

Mahali

Vyombo vya kuruka vinavyoongozwa kutoka chini viko mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Waulize habari ya kibali kabla ya kurusha, hasa ndege yenye mota au kamera. Maeneo yaliyo kwenye njia za ndege za Uwanja wa Julius Nyerere, kama Kipawa na Vingunguti, yaondoe kabisa kwenye mpango, na vivyo hivyo karibu na kambi na Ikulu. Anayekaa huko mpe ndege pamoja na mahali pa kwenda kuirushia.

Fukwe za Kigamboni zinafaa zote tatu, kwa masharti. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, hivyo maji yakipwa unapata uwanja mpana na tambarare, na saa chache baadaye haupo. Angalia jedwali la maji kwanza. Mchanga wa pwani una chembe nyeusi zinazonaswa na sumaku za mota. Zitoe kwa tepu kila baada ya kuruka, la sivyo mota itaanza kukwaruza na kuchemka. Ikitua baharini, chomoa betri, suuza kila kitu kwa maji baridi ya bomba, kausha siku mbili kivulini. Uwanja wa shule bara kidogo ni bora kwa glaida, ukihakikisha hakuna nyaya za umeme upande upepo unakoelekea.

Ukijenga kadhaa kwa wakati mmoja

Rimoti moja ya njia (chaneli) sita yenye kumbukumbu ya ndege nyingi inaweza kutumikia familia nzima. Kila ndege unaipa pokezi yake. Hatari ni kuchagua kumbukumbu ya ndege nyingine. Ndiyo maana kila safari huanza kwa ukaguzi: fimbo kulia, eleroni ya kulia inapanda, fimbo nyuma, elevata inapanda, usukani kulia, ukingo wake unaenda kulia. Weka pia mpangilio wa kuzima mota mawasiliano yakikatika, na ujaribu ndege ikiwa imeshikwa chini kwa kuzima rimoti. Nyaya mbili za antena za pokezi zikae kwa pembe mraba, mbali na betri.

Kata violezo vya boksi gumu mara moja, kisha kata ndege zote kwa violezo hivyo. Kwa kila glaida kata mabawa mawili ya akiba wakati huohuo, maana mwili huishi kuliko bawa. Fimbo za kusukuma vibao vya mkia ziwe za waya mgumu wa milimita 1 hadi 1.5. Waya laini wa kufungia nondo hupinda hewani, na elevata inakuwa haisikii.

Kitovu cha uzito kiwe sentimita 5.5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele kwa glaida, na 5.5 hadi 6.5 kwa ndege ya mafunzo; anza na namba ndogo. Kama mkia ni mzito, ndege hupanda, husimama, huanguka, hupanda tena. Ongeza risasi za nyavu puani, gramu 5 kwa wakati. Irushe bila mota kutoka begani, mabawa yakiwa sawa na upepo usoni: ikienda mita 15 hadi 20 kwa mstari, iko tayari. Ukishapata mahali penyewe, gandisha matone mawili ya gundi ya moto chini ya bawa, moja kila upande wa mwili. Mpwa wako atayapapasa kwa vidole kabla ya kila safari, hata kama karatasi ya maelekezo ilishapotea.